Nani anaamua kifaranga wa gapi awe dume au jike

Jike wa gapi, kile kisamaki kidogo cha kufugwa tankini, ukimtoa kwa wenzake ukamweka tanki la peke yake, baada ya kama mwezi hivi atazaa. Hapo hamna cha ajabu, utasema alikuja na mimba yake. Ila mwezi unaofuata anazaa tena, na ule mwingine tena, na dume hajaingia humo hata mmoja. Hapa ndo watu wanaanza kutunga stori. Kuna mtu aliniambia, bila hata kucheka, kwamba gapi jike usiku anageuka dume, anajipanda mwenyewe, asubuhi anarudi zake kuwa jike. Nikamuuliza umeona kwa macho yako? Akasema hapana lakini kila mtu anajua.

Kinachotokea ni kwamba jike anahifadhi mbegu za dume. Zinakaa ndani yake, kwenye mikunjo ya ovari na njia ya uzazi, zinabaki hai kwa miezi, na kila mayai mapya yakikomaa zinatumika kidogokidogo. Kupandwa mara moja kunatosha mizao kadhaa. Na kama amepandwa na madume wanne basi mzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, hata dume aliyeshakufa ukamtupa anaweza kuendelea kupata watoto. Mi nasema hii ndo kitu ya kwanza kuelewa kabla hujaanza kubishana na mtu kuhusu jinsia za vifaranga, maana watu wengi wanakuja na maelezo ya "nilimpa dume fulani akanizalia majike watupu" na ukiuliza huyo jike kabla ya hapo alikuwa wapi, alikuwa dukani kwenye tanki moja na madume hamsini. Sasa hapo unajuaje hao watoto ni wa nani?

Tuanze na kupandana kwenyewe. Mtazame dume na jike kwa ukaribu, angalia lile pezi la chini ya tumbo, lililo nyuma ya njia ya haja. Kwa jike limetanuka kama pembetatu hivi. Kwa dume limekuwa kijiti chembamba chenye ncha, kimelala kuelekea mkiani, wataalamu wanakiita gonopodiamu, na hicho ndo kinachopitisha mbegu. Anaweza kukizungusha mbele na pembeni, ukikaa ukatazama dakika chache tu utamuona anakifanyia mazoezi hata kama hakuna jike karibu. Dume muungwana anakuja mbele ya jike, anakunja mwili kuwa umbo la S, anafungua mapezi yote na kutetemeka, jike akimpenda anamsogelea. Majike wengi wanavutwa na rangi ya chungwa, na pia wanapenda dume mwenye sura ambayo hawajaizoea, yaani mgeni anapata bahati kuliko mwenyeji. Ila madume wengi siyo waungwana. Wanapitia nyuma, wanachoma haraka na kutoroka, jike hajakubali wala nini. Ndo maana ukiweka madume wengi na majike wachache, majike wanachoka, wanajificha kwenye kona juu karibu na filta, wanakonda. Dume mmoja kwa majike wawili au watatu, hapo kunakuwa na amani.

Gapi hatagi. Mayai yanarutubishwa ndani ya mama na yanabaki humohumo, kila kijusi kinakula kiini chake mwenyewe mpaka kinakwisha, alafu anazaliwa samaki kamili. Mimba ni wiki tatu hadi nne na zaidi kidogo, na hapa joto lina kazi kweli: maji ya nyuzi 27 au 28 yanaharakisha, maji ya nyuzi 22 yanachelewesha. Kumbuka hili la joto kuharakisha, tutalirudia maana ndo limezaa uongo mwingi.

Kuna doa jeusi upande wa chini wa tumbo, karibu na lile pezi. Watu wanaliita doa la mimba ila jike mkubwa analo muda mwingi, kinachobadilika ni ukubwa na weusi. Mwanzo wa mimba ni dogo, mwisho linatanuka na kuwa jeusi kabisa. Kwa majike wa rangi hafifu, wale wa njano au weupe, siku za mwisho ukiweka tochi pembeni unaona vidoti vidoti ndani ya ngozi. Hayo ni macho ya vifaranga. Nilipoyaona mara ya kwanza niliita watu nyumbani waje waone na hakuna aliyeshtuka kama nilivyotaka.

Dalili kwamba anazaa leo siyo tumbo kuwa kubwa, ni tumbo kuwa na kona, yaani ukimtazama kwa upande linakuwa kama limekatwa mraba chini ya kifua. Alafu anaacha kula, anatafuta sehemu iliyotulia, au anakaa karibu na hita. Anasimama pale pale kwenye maji, mwili unatetemeka kidogo, mkia unainuka, na kifaranga anatoka akiwa amejikunja, mkia umegusa kichwa, anazama kama kitu kilichokufa, anafika chini au anagusa jani, sekunde moja mbili, ananyooka, anapiga mkia na kwenda. Urefu wake ni milimita sita saba hivi. Macho makubwa, tumbo bado lina kiini kidogo wengine. Anajua kujificha tangu dakika hiyo ya kwanza na ana sababu, kwa sababu mama yake akimaliza kumzaa anageuka na kumtazama kama chakula. Wengine wanakula palepale, mmoja anatoka huku mwingine anafukuzwa. Kama huna majani mengi ya kuelea na yale ya kusongamana chini, utahesabu watatu ukidhani kazaa watatu kumbe kazaa thelathini.

Idadi inategemea umri na ukubwa wa mama. Jike mdogo mzao wa kwanza anaweza kuleta watano au kumi. Mkubwa aliyeshiba analeta thelathini, hamsini, na wapo wanaopita mia. Akishazaa tu anakuwa tayari tena kupandwa, madume wanajua hilo na wanamzonga siku hiyohiyo, kwa hiyo mi napenda kumpumzisha pembeni kabla sijamrudisha.

Sasa jinsia. Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na linakuja kwa sura mbili, kuna wanaotaka majike ili wazaliane haraka na kuna wanaotaka madume kwa ajili ya rangi na mikia. Na wote wanataka kusikia kitu cha kufanya kwenye maji. Weka hita hivi, weka chumvi vile, badili pH, yaani kiwango cha asidi ya maji.

Jibu fupi ni kwamba baba anaamua, tena anaamua siku mbegu inapokutana na yai, kabla hata hujawasha hita. Gapi ana kromosomu 46, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi, jozi 23, idadi sawa na sisi. Kwenye jozi ya jinsia jike ana X mbili, dume ana X na Y. Yai la mama daima lina X. Mbegu za baba nusu zina X nusu zina Y. Ikifika yenye Y anakuwa dume, ikifika yenye X anakuwa jike. Kwa hiyo wastani ni nusu kwa nusu.

Na hii siyo nadharia ya juzi. Mwaka 1920 Johannes Schmidt wa Denmark, huyohuyo anayejulikana kwa kufuatilia mikunga mpaka bahari ya Sargasso, alikuwa anafuga gapi kwenye maabara ya Carlsberg, ndiyo, Carlsberg ile ya bia. Alikuwa na madume wenye doa jeusi kwenye pezi la mgongoni. Akaona kila dume mwenye doa anazaa watoto wa kiume wenye doa, wote, na mabinti hawana, na hao mabinti wakizaa na dume asiye na doa basi watoto wao wa kiume pia hawana. Yaani doa linatoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa mjukuu, halipiti kwa mwanamke hata kidogo. Mwenzake Øjvind Winge akaendelea na kazi hiyo miaka ya 1920 na kuonyesha kwamba jeni (vipande vya urithi) za doa zinakaa kwenye Y. Gapi ni katika wanyama wa mwanzo kabisa kuonyesha urithi wa aina hiyo. Kwa mfugaji hii ina faida ya moja kwa moja: rangi nyingi za dume ziko kwenye Y, kwa hiyo ukitaka mtoto afanane na baba, angalia baba. Lakini zingine ziko kwenye X, na mwana anapata X yake kwa mama. Mama amevaa kijivu tu, hana rangi, ila kabeba jeni za rangi zimelala ndani kwa sababu zinahitaji homoni ya kiume ili zionekane. Ndo maana unanunua dume mzuri wa kupindukia, unamchanganya na jike yeyote, watoto wanatoka wa ajabuajabu alafu unalaumu maji.

Turudi kwenye joto. Rafiki yangu mmoja alishikilia kwamba maji ya moto yanaleta madume na ya baridi yanaleta majike, akawa anapandisha hita mpaka nyuzi 30 akisubiri madume. Nikamwambia tufanye vizuri basi, tuchukue majike ndugu wa mzao mmoja, baba yao mmoja, tuwagawe, kundi moja maji ya nyuzi 24 lingine 28, tuwape madume ndugu, tuhesabu. Tukafanya. Wa maji ya moto walizaa mapema na vifaranga wakakua haraka, rangi zikatokea mapema. Jinsia? Mzao huu madume wamezidi, mzao ule majike wamezidi, tukijumlisha pande zote mbili zinaelea karibu na nusu. Ila nikaelewa kwa nini yeye aliamini alichoamini: kwenye maji ya moto, mtu akitazama tanki baada ya mwezi na nusu anaona madume wameshawaka rangi, anasema "si unaona!" Kwenye maji ya baridi muda huohuo madume bado wana sura ya jike, anawahesabu kama majike. Joto limebadilisha kasi, jicho likadhani limebadilisha jinsia.

Na siyo kwamba hilo wazo limetoka hewani. Wapo wanyama ambao mazingira yanaamua kweli. Kasa wa baharini, mchanga ukiwa wa moto mayai yanatoa majike. Kuna visamaki vya Apistogramma ambavyo joto likiwa juu madume wanazidi, na kribensi, samaki wengine wa kufugwa, ambao maji yao yakiwa na asidi zaidi madume wanakuwa wengi. Mfugaji anasoma habari za kribensi anazibeba mzimamzima anakuja kuzimwaga kwenye tanki la gapi. Samaki siyo kitu kimoja bana.

Kitu kingine kinachowapoteza watu ni mizao midogo. Chukulia kila kifaranga ni sarafu umerusha juu. Ukirusha mara nane, kupata sita kwa mbili au zaidi ya hapo, upande wowote, inatokea karibu mara tatu katika kila kumi. Siyo ajabu hata kidogo! Ukirusha mara ishirini, kupata kumi na nne kwa sita au mbaya zaidi inatokea kama mara moja katika tisa. Kwa hiyo mtu mwenye jike mmoja aliyemzalia vifaranga nane, sita wakawa majike, hana ushahidi wa kitu chochote, siku hiyo sarafu zimeanguka hivyo. Mi siku hizi mtu akiniletea stori ya mzao mmoja namwambia kwa heshima aniletee mitano ya mama huyohuyo na baba huyohuyo ndo tuongee.

Alafu wale waliokufa nani amewahesabu? Wamezaliwa arobaini, wamebaki kumi na tano, katika hao majike kumi. Wale ishirini na tano waliliwa au walikufa ulijua jinsia zao? Huwezi kusema mama amezaa majike wengi, unachoweza kusema ni kwamba majike wengi wamebaki. Ni vitu viwili tofauti. Hata mtoni ni hivyohivyo. Kwenye mito ya Trinidad, kisiwa cha Karibiani, huko ndo asili yao pamoja na Venezuela na maeneo ya jirani, ukivua gapi wakubwa mara nyingi majike ni wengi kuliko madume. Hawakuzaliwa wengi zaidi, ila dume amevaa rangi na anacheza mbele za watu, adui anamuona. Mtafiti John Endler alilichunguza hili miaka ya 1970, akaona kwenye madimbwi ya chini yenye samaki wakali wanaokula gapi wakubwa madume wana rangi hafifu, na juu ya maporomoko ambako wale wakali hawafiki madume wanang'aa. Na alipoweka adui kwenye mabwawa ya kufugia, vizazi vilivyofuata vikapungua madoa. Mtafiti mwingine, David Reznick, naye akaonyesha upande wa uzazi, kwamba kwenye maadui wengi gapi wanakomaa mapema na wanazaa vifaranga wengi wadogowadogo, kwenye usalama wanachelewa na kuzaa wachache wakubwa. Kwa hiyo mazingira yanabadilisha sana uzazi wa gapi, ila yanapitia kwenye nani anabaki hai na nani anazaa mapema.

Sasa ukitaka kuhesabu vizuri inabidi ujue kutofautisha mapema. Kifaranga wa wiki mbili tatu mweke kwenye kichupa cha kioo chembamba, usimtoe kwenye maji, weka mwanga nyuma yake na tumia kioo cha kukuza. Kwa jike utaona kivuli cha kijivu au cheusi hafifu juu ya njia ya haja, kama vumbi la penseli, ndo doa la mimba linaanza ingawa mimba hana. Kwa dume sehemu hiyo ni safi. Ukifika mwezi, angalia pezi: la dume miale yake ya mbele inaanza kunenepa na kurefuka, pezi linapoteza pembetatu yake na kuwa kama mkuki butu. Hapo usisubiri rangi. Ukisubiri rangi umechelewa, kwa sababu dume anaweza kupanda kabla hujaona hata tone la rangi na majike wa miezi miwili mitatu tayari wana mimba za kaka zao. Wale wenye shaka waweke boksi la tatu, usiwalazimishe upande. Kuna madume wanaochelewa sana, anakua mkubwa kama jike, mwezi wa nne au wa tano ndo anatoa kijiti. Huyo ndo chanzo cha stori nyingi za "jike wangu kageuka dume".

Kuna njia moja ambayo kweli inabadilisha jinsia ya mwili, nayo ni homoni. Jike mwenye mimba akilishwa chakula chenye methiltestosteroni, homoni ya kiume, kwa wakati unaofaa, vifaranga wote wanaweza kutoka na mwili wa dume, hata wale wenye X mbili. Homoni za kike zinapeleka upande wa pili. Ni jambo lilelile linalofanyika kwa vifaranga wa tilapia kwenye mashamba ya samaki ili wawe madume watupu. Mi sitaki hiyo dawa nyumbani, ni homoni kali, inaingia kwenye ngozi na kwenye maji unayomwaga, na samaki wenyewe wanatoka na uzazi mbovu mara nyingine. Naitaja kwa sababu inasaidia kuelewa kwamba kromosomu inatoa amri tu, mwili ndo unajenga, na ukiivuruga amri katikati mwili unajenga kingine.

Na kuna vurugu ya asili pia. Winge huyohuyo, kwa kufuatilia rangi, alipata madume ambao hawana Y kabisa. Dume kamili, ana kijiti, anazalisha, ila ni XX. Akaeleza kwamba kuna jeni nyingine kwenye kromosomu za kawaida, zisizo X wala Y, zinazovuta kuelekea udume au ujike, kila moja kidogokidogo, na Y kawaida inashinda zote, lakini kwa nadra jeni za udume zikijikusanya kwa mtoto mmoja zinaweza kumfanya dume bila Y. Dume wa namna hiyo akipanda jike wa kawaida mbegu zake zote zina X, watoto wanakuwa majike karibu wote.

Nilisoma hilo nikaliweka pembeni kama habari za maabara. Mpaka nikapata yule dume wa kijivu. Nina ukoo wa madume wenye doa jeusi ubavuni, vizazi na vizazi kila dume anatoka nalo, sijawahi kuona aliyekosa, kwa hiyo naona linakaa kwenye Y kama lile la Schmidt. Katika mzao mmoja akatokea dume aliyechelewa kukomaa, mwili mnene kidogo, kijiti kamili, na ubavu mtupu. Ndugu zake wote wa kiume wana doa, yeye hana. Nikadhani labda mgeni kaingia na wavu, lakini lile boksi halijawahi kuchanganywa na mtu na bibi yake na mama yake nimewatenga tangu wadogo. Nikamtafutia majike mabikira, na hapa ubikira siyo maneno, ni majike niliowatoa kwa kaka zao kabla hawajafikisha mwezi na nikakaa nao zaidi ya miezi mitatu bila kuzaa hata mmoja, kwa sababu ukimpa jike wa kawaida mbegu za zamani zitaharibu kila kitu. Wakapandwa wakazaa. Nikakuza wote, na waliokufa wadogo niliwaandika pembeni kwamba hawajulikani.

Majike. Boksi zima majike, mzao wa kwanza, wa pili, nikabadilisha mama bado majike, nikaanza kuangalia kwa kioo mara mbilimbili nikidhani macho yangu yananidanganya. Mbele kidogo akatokea dume mmoja katikati yao, naye hana doa, naye kachelewa kama baba. Sina maabara ya kupima kromosomu kwa hiyo siwezi kuapa, ila doa halipo, mabinti wamejaa, na hiyo picha inafanana kabisa na alivyoeleza Winge. Hita ya hilo boksi ilikuwa nyuzi 25 kama maboksi mengine yote, maji ni yaleyale, chakula kilekile.

Watu wanaotafuta majike siku hizi nawapa kutoka humo, wanafurahi, na wengine wanadhani wamepata mbegu ya kuzaa majike milele. Nawaambia mapema kabisa: hao ni X mbili kama jike mwingine yeyote, ukimpa dume wa kawaida mwenye Y yake, nusu kwa nusu inarudi palepale. Anayeweza kutoa mabinti karibu watupu ni yule baba wa kijivu, na huyo siuzi.